Jahazi ni Moja: Maneno juu ya Mvua, Ukame na Amana ya Ardhi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa kipimo, akayateremsha maji kutoka mawinguni kwa kadiri aitakayo, akawafanya wanadamu kuwa walinzi wa ardhi, si wenyewe wa ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Mwisho. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu wasomaji wa Mombasa, Lamu, Malindi na pwani yote: mara hii hatutaandika juu ya mas-ala ya twahara wala ya mirathi, ijapokuwa maswali yenu tunayo, na tutayajibu inshaallah. Tumeona yatupasa tuandike juu ya jambo lililokwisha kuingia katika nyumba ya kila mmoja wetu, mwenye kujua na asiyejua, nalo ni kugeuka kwa hali ya hewa ya ulimwengu. Na kabla ya kulieleza jambo lenyewe, hapana budi tuungame kosa tulilolifanya sisi wenyewe. Aliyekosea juu ya mimbari hujirudi hadharani, hajirudi chumbani.

KOSA LETU

Katika masika ya mwaka 2024 tulikuwa Nairobi. Desturi yetu tufikapo huko ni kusali katika Msikiti wa Jamia ulio katikati ya mji, kisha kuwazuru ndugu zetu wa vitongoji vya magharibi, Kawangware, Kangemi na Dagoretti, ambako wako Waislamu wengi wa kipato kidogo, na baadhi yao ni watoto wetu wa pwani waliokwenda kutafuta riziki. Mvua ya mwaka ule haikuwa mvua ya mazoea. Tangu mwezi wa Machi mpaka Mei iliwaua watu karibu 300 katika Kenya nzima. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamezuilika huko juu ya Mai Mahiu yalibomoka kwa ghafula yakawachukua watu zaidi ya 40 walipokuwa wamelala. Na katika Nairobi, kila mto uliokuwa kijito ukawa bahari, na kila bonde likawa kaburi.

Ijumaa moja katika siku zile tuliombwa kukhutubu katika msikiti mmoja mdogo wa upande huo wa magharibi. Tulipanda mimbari tukasema kwa sauti ya juu kwamba maji yale ni adhabu ya Mwenyezi Mungu kwa watu wa mabondeni, kwa ulevi wao na uchafu wao na kuacha kwao sala. Tukateremka tukijiona tumeifikisha risala.

Baada ya sala akatujia mzee mmoja, fundi wa kushona nguo. Alitusalimu kwa adabu, akakaa mbele yetu, akasema: «Maalim, nina swali, nami nakuomba uniwie radhi.»

Tukamwambia: «Uliza, mzee wetu. Elimu ni kuulizana.»

Akasema: «Mto wetu huu watoka juu huko Kikuyu, wapita hapa kwetu bondeni, kisha wakenda Lavington na Kileleshwa mpaka mjini. Watu wa majumba ya kilimani wamelala salama na sisi wa bondeni tumezama. Je, Maalim, dhambi ziko bondeni tu?»

Hatukujibu. Akaendelea kwa sauti ya chini: «Nalikuwa na mjukuu, yu katika mwaka wake wa sita. Katika chuo alikuwa amefika Suratul Fajr. Maji yaliingia usiku. Mamake tulimwahi, yeye hatukumwahi. Kalamu ilikuwa haijaanza kumwandikia. Yeye aliadhibiwa kwa lipi?»

Ndugu zetu, tulikuwa na vilemba kichwani na vitabu mkobani, na hatukuwa na neno. Tulimwombea dua, tukamwomba msamaha, naye akatusamehe. Usiku ule tukaurudia mlango wa mas-ala haya katika vitabu, tukayaona yale tuliyoyasoma ujanani tukayasahau uzeeni. Mtume, S.A.W., amemhesabu aliyekufa kwa kuzama katika jumla ya mashahidi. Na mtoto asiyebaleghe kalamu imeinuliwa kwake. Basi yule ambaye sisi tulimwita mwenye kuadhibiwa, Mtume amemtia katika watu wa daraja. Ole wetu kwa ulimi wetu!

KADARI HAIONDOI SABABU

Hatusemi kwamba dhambi hazina taathira katika ardhi. Hilo lathubutu katika Kitabu. Tunalolisema ni kwamba hapana mtu, baada ya wahyi kukatika, awezaye kunyosha kidole kwa watu maalumu walioshukiwa na msiba akasema: hawa wameadhibiwa kwa dhambi fulani. Huko ni kuisemea ghaibu.

Tazameni mafunzo ya Mtume. Siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto yule. Lau kama Mtume angetaka utukufu wa dunia, angenyamaza tu, na neno lile lingemtukuza machoni mwao. Hakunyamaza. Aliwaambia kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Akawaamrisha kusali. Basi katika jambo moja alitufunza mawili: kwamba mambo ya ulimwengu yenda kwa kanuni alizoziweka Mola wake, na kwamba mja azionapo ishara zile humrejea Mola wake kwa ibada, si kwa dhana.

Na sisi watu wa pwani tuna khasa haja ya somo hili. Ni mara ngapi, mvua ilipozuilika, tumeona ng'ombe akizungushwa mjini, na uvumba ukafukizwa, kisha akachinjwa nyama ikaliwa, na kila mtu akarudi kwake kuyaendeleza yale yale aliyokuwa akiyafanya? Mtume alipoombwa mvua aliinua mikono akamwomba Mola wake mmoja. Na Ijumaa iliyofuata, mvua ilipozidi, alimwomba aielekeze pembezoni. Hiyo ndiyo sunna. Na yule aliyemwuliza, je, nimfunge ngamia wangu au nimwache nitawakali, aliambiwa amfunge kisha atawakali. Dua na kamba havipigani.

Tena Mwenyezi Mungu katika Suratur Rum ametuhabarisha kwamba ufisadi umedhihiri katika nchi kavu na katika bahari kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili waonjeshwe baadhi ya waliyoyatenda huenda wakarejea. Tumeisoma aya hii miaka mingi tukadhani mikono ni mfano tu wa maneno. Leo wenye elimu ya hewa wametuonyesha mikono yenyewe na kazi yake.

JAMBO LENYEWE LILIVYO

Ardhi yetu imefunikwa na hewa, kama mtu aliyejifunika shuka usiku wa kipupwe. Joto la jua huipita hewa hiyo likashuka chini. Na ardhi inapolirudisha joto lile kwenda juu, kuna hewa chache zinazolizuia lisitoke lote. Miongoni mwao ni hewa ya ukaa, ile itokayo kila kinapochomwa kitu: kuni, makaa, mafuta. Kwa rehema ya Mungu shuka hii ilikuwa na unene wa kadiri. Isingekuwako, ardhi ingeganda. Lakini watu wa viwanda, kwa muda wa zaidi ya miaka 200, wameyachimba makaa ya mawe na mafuta yaliyokuwa yamezikwa tumboni mwa ardhi, wakayachoma, na moshi wake ukaizidisha shuka.

Si khabari ya juzi. Mwaka 1859 John Tyndall wa Ireland alipima kwa vyombo vyake akaona kuwa hewa hii yazuia joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikaa akapiga hesabu ya joto litakaloongezeka iwapo hewa hii itazidi. Na tangu mwaka 1958, katika mlima wa Mauna Loa huko Hawaii, imekuwa ikipimwa mwaka baada ya mwaka. Kabla ya viwanda, katika kila sehemu milioni za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Mwaka 1958 zilikuwa 315 hivi. Na leo zimepita 420. Shirika la ulimwengu la hali ya hewa limetangaza kuwa mwaka 2024 ulikuwa wa joto zaidi kuliko miaka yote iliyopata kupimwa, na joto lake lilizidi lile la kabla ya viwanda kwa nyuzi moja na nusu hivi.

Atauliza mtu: nyuzi moja na nusu ni kitu gani? Jawabu yetu: muulize mama aliyelea mtoto. Mwili ukizidi joto kwa nyuzi moja na nusu, mtoto hupelekwa kwa tabibu. Tena hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi. Kwa kila uzi mmoja wa joto huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha saba katika mia. Kwa hiyo hukaa muda mrefu ikiyanyonya maji ya ardhi, na huo ndio ukame; kisha huyatapika kwa mara moja, na huo ndio mafuriko. Misiba miwili hii ni watoto wa mama mmoja. Tangu mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ya mvua ilikosekana, moja baada ya moja, kaskazini na mashariki ya Kenya, na katika Somalia na Ethiopia. Katika Kenya pekee walikufa wanyama zaidi ya milioni mbili. Waliouchunguza ukame ule walitangaza mwaka 2023 kwamba joto lililoletwa na wanadamu limeuzidisha uwezekano wa ukame kama ule kwa kiasi cha mara 100. Haukupita mwaka, mabonde yale yale yakafurika.

Na bahari yetu haikusalimika. Wazee wetu manahodha walizijua kaskazi na kusi kama wanavyozijua nyumba zao. Leo wavuvi walalamika kuwa pepo zimegeuza nyakati. Mwaka 1998 maji yalipata joto hata matumbawe mengi ya pwani yetu yakawa meupe yakafa, na samaki hukaa penye matumbawe. Juu ya Mlima Kenya barafu waliyoiona babu zetu imebaki vipande vidogo. Maji ya bahari ya ulimwengu yamepanda kwa kiasi cha shubiri moja tangu mwanzo wa karne iliyopita, nayo yazidi kupanda. Mtu wa Lamu au wa Mji wa Kale anayeishi hatua chache kutoka majini haya si maneno ya kuyasoma akayakunja.

Hata hivyo inswafu yatutaka tuseme na jambo jingine. Si kila msiba utiwe katika kapu la hali ya hewa. Mvua ya mwaka 2024 ilikuwa kubwa. Lakini iliyoua zaidi ni mifereji iliyozibwa kwa taka, na kingo za mito zilizojengwa, na misitu iliyokatwa, na watu waliosukumwa na umasikini wakalala pasipo pa kulala. Mwenye kuilaumu mbingu peke yake huwaachilia wenye makosa walioko chini.

MFANO WA JAHAZI

Mtume, S.A.W., alitupigia mfano wa watu waliopigia kura nafasi zao katika jahazi. Wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapande juu. Wakasema: tukitoboa tundu katika sehemu yetu hatutawaudhi walio juu. Akasema Mtume kwamba wakiachwa watoboe, wote wataangamia. Na wakishikwa mikono, wote wataokoka.

Nani asiyelijua jahazi miongoni mwetu? Lakini angalieni jinsi mambo yalivyopinduka. Katika mfano ule watoboaji walikuwa wa chini. Katika zama zetu, watoboaji ni walio juu, na maji yaingia kwanza kwa walio chini. Kenya nzima, kwa watu wake wote, hutoa chini ya sehemu moja katika elfu ya moshi wa ulimwengu. Sehemu kubwa ya moshi uliokwisha kurundikana ni ya Marekani na ya nchi za Ulaya. Na leo Uchina ndiyo iliyotangulia kwa moshi wa kila mwaka. Na tuseme ukweli hata ukiwa mchungu: nchi za Ghuba, ambazo ni za ndugu zetu wa dini, utajiri wao umetoka katika mafuta hayo hayo. Haki haina ujamaa.

Na jahazi la Nairobi ni mfano mdogo wa jahazi la ulimwengu. Mto mmoja, maji mamoja. Kilimani magari na bustani, bondeni mabati na matope. Lile swali la mzee wetu, je, dhambi ziko bondeni tu, ndilo swali ambalo mataifa masikini wawauliza matajiri katika kila mkutano.

NCHI YETU IMEFANYA NINI

Yatupasa tujue yaliyofanywa, ili tusisifu pasipo sababu wala tusilaumu pasipo sababu.

Mwaka 2010 serikali ya Kenya ilitoa mpango wake wa kwanza wa kulikabili jambo hili. Mwaka 2016 Bunge likatunga Sheria ya Mabadiliko ya Hali ya Hewa, ikawekwa chini yake baraza ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Mwaka ule ule nchi iliingia katika Mapatano ya Paris ya mwaka 2015. Iliahidi kwanza kupunguza moshi kwa 30 katika mia ifikapo mwaka 2030, kulingana na kiasi ambacho ungefikia kama hapangefanywa kitu; na mwaka 2020 ahadi ikapandishwa ikawa 32. Lakini sehemu kubwa ya gharama ya ahadi hizi yangojea fedha za nje. Nayo mataifa tajiri yaliahidi mwaka 2009 kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo mwaka 2020. Yakachelewa mpaka mwaka 2022, na nyingi katika fedha hizo ni mikopo. Aliyekutoboa jahazi akukopesha ubao wa kulizibia!

Katika umeme, nchi yetu yastahili kusifiwa. Tangu mwaka 1981 mvuke wa moto ulio chini ya ardhi ya Olkaria umekuwa ukiendesha mitambo. Katika vilima vya Ngong, ambavyo mtu wa magharibi ya Nairobi huviona kutoka mlangoni kwake, yasimama mapanga ya upepo. Karibu na Ziwa Turkana uliunganishwa mwaka 2018 mtambo mkubwa wa upepo wa megawati 310. Kiasi cha sehemu tisa katika kumi za umeme wa Kenya hutoka katika mvuke huo, na maji, na upepo, na jua. Na walipotaka watu kujenga mtambo wa makaa ya mawe Lamu, watu wa Lamu walisimama wakashitaki, na mwezi wa Juni 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta ruhusa yake, kwa kuwa wananchi hawakushauriwa ipasavyo. Hiyo ni shura, na shura ni katika dini.

Tarehe 28 Agosti 2017 ilipigwa marufuku mifuko ya plastiki, ile iliyokuwa ikiziba mifereji na kuua kasa wa bahari zetu. Mwezi wa Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana katikati ya Nairobi, katika Jumba la Mikutano la Kenyatta, wakatoa tamko la kutaka ulimwengu utoze kodi juu ya moshi, na madeni ya nchi masikini yaangaliwe upya. Serikali pia imetangaza kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikawapa watu siku ya mapumziko wakapande. Haya ni mema. Lakini katika mwaka ule ule wa 2023 ilitangazwa kuondolewa kwa marufuku ya ukataji wa miti iliyowekwa mwaka 2018. Mwenye kupanda kwa mkono wa kulia asikate kwa mkono wa kushoto.

Na juu ya kingo za mito, sharia yetu imetangulia. Mafakihi wetu wameweka mlango wa harimu: kila kisima kina harimu yake, na kila mto una harimu yake, nayo ni ardhi ya ukingoni ambayo hapana mtu ruhusa ya kuijenga wala kuimiliki, kwa kuwa ni haki ya watu wote na ya maji yenyewe. Kwa hiyo hatupingi watu kuondolewa ukingoni. Kuwaacha ni kuwaacha wafe. Mwaka 2018 hata majumba makubwa ya Westlands na Kileleshwa yaliyojengwa juu ya kingo yalivunjwa, na hilo lilikuwa inswafu. Tunalolipinga ni lile lililotokea mwaka 2024: masikini kubomolewa nyumba zao hali mvua yanyesha, bila ya kuonyeshwa pa kwenda. Madhara hayaondolewi kwa madhara mengine. Mwenye kumtoa mtu majini amtie nchi kavu.

SHAKA NA MAJAWABU YAKE

Watasema baadhi ya watu: «Yote haya ni kadari, lililoandikwa litakuwa.» Jawabu yetu: Nabii Yusuf alijulishwa kwa wahyi kuwa miaka saba ya njaa itakuja. Hakusema limeandikwa tukae. Aliupanga mpango wa miaka 14, akaamrisha kulima na kuweka nafaka ndani ya mashuke yake, akaomba akabidhiwe hazina kwa kuwa ni mlinzi mjuzi. Huo ndio mfano wa serikali kabla ya msiba, na Mwenyezi Mungu ameuhifadhi usomwe mpaka Kiyama.

Watasema wengine: «Hii ni elimu ya Wazungu.» Jawabu yetu: saa tunazotazamia wakati wa sala, na dawa tunazowanywesha watoto wetu, twazichukua bila ya kuuliza nasaba yake. Mwanamke mmoja wa nchi hii, asiyekuwa wa dini yetu, Wangari Maathai, alianzisha mwaka 1977 harakati ya wanawake kupanda miti. Mwaka 1989 alisimama peke yake kuizuia serikali isijenge jumba refu katika Bustani ya Uhuru, na mwaka 1999 akapigwa kwa ajili ya msitu wa Karura. Bustani ile na msitu ule upo mpaka leo, na hata wale waliomcheka hutembea chini ya vivuli vyake. Mtume ametufunza kwamba kila aliyepanda mti, akala ndege au mtu au mnyama, ni sadaka kwake. Ni aibu kwetu kwamba mafunzo haya tuliyahifadhi sisi kwa midomo, wakayatenda wengine kwa mikono.

Watasema wa tatu: «Sisi ni wadogo, tukipunguza sisi, Marekani haitapungua.» Jawabu yetu: hatutaulizwa juu ya Marekani, tutaulizwa juu ya nafsi zetu. Mtume amesema kuwa kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda basi aupande. Hakusema auangalie kama utafaa kitu. Tena asiyesafisha mlango wake hana ulimi wa kumlaumu jirani.

YANAYOTUPASA

Kwanza, tuwache israfu. Tumekatazwa kufuja maji ya udhu, nasi twaacha mifereji ya misikiti ikitiririka toka adhana mpaka ikama. Babu zetu walijenga mabirika ya kukinga mvua kila msikitini. Na tuyarejeshe.

Pili, tuwache kutupa taka mitaroni na baharini. Mtume amekataza kuchafua njia za watu na kivuli chao na mahali pa maji yao. Anayetupa mfuko wake mferejini Nairobi au Mombasa asijue ni mlango wa nani atakaouziba.

Tatu, tulinde mikoko, kwani ndiyo ukuta wa pwani, nayo huficha ukaa ndani ya tope lake kwa wingi. Watu wa Gazi huko Kwale, tangu mwaka 2013, wameilinda mikoko yao, wakapata fedha kutoka nje kwa ukaa ule, wakajitia maji na kuzisaidia skuli zao. Kinachowezekana Gazi chawezekana kwetu.

Nne, turejeshe wakfu wa miti na visima. Mwenye kufa akaacha mwembe wa wakfu ni bora kuliko aliyeacha karamu ya siku tatu.

Tano, zaka na sadaka zetu ziwafikie waliozama na waliokumbwa na ukame, wala tusingoje wengine wawatangulie.

Sita, tuwaambie watawala haki: wazibue mitaro kabla ya masika, wawape pa kukaa wanaowaondoa, na kila shilingi ya hali ya hewa iliyoingia kwa jina la masikini imfikie masikini. Aliye na elimu akanyamaza amelitoboa jahazi kwa ukimya wake.

KHATIMA

Mwaka uliofuata tulirudi katika msikiti ule mdogo, tukaomba ruhusa ya kusema baada ya sala. Tukawaambia watu kwamba tulikosea, tukaeleza yale tuliyoyaeleza hapa. Mzee wetu alikuwa katika safu ya pili, hakutikisika. Tulipomaliza alitushika mkono akatupeleka nyuma ya msikiti, akatuonyesha mche wa mwarobaini uliozungushiwa miiba usiliwe na mbuzi. Akasema: «Huu wa mjukuu wangu.» Kisha akauliza kama kunywesha maji mti kwa niaba ya maiti humfikia thawabu. Tukamwambia: yamfikia, inshaallah. Mara hii tulikuwa na jawabu.

Ewe Mola wetu, tunyweshe mvua ya manufaa isiyo ya madhara. Uwarehemu waliozama, uwashibishe waliokumbwa na njaa. Utuongoze sisi na watawala wetu katika kuilinda ardhi yako, wala usituangamize kwa yale waliyoyafanya wapumbavu miongoni mwetu. Nawe ndiwe Mwenye kusikia, Mwenye kujibu.

Wabillahi tawfiq.